Nawezaje kuihudumia PBX (mtambo wa simu za ofisi) ya Geita nikiwa Mwanza bila kuianika kwenye intaneti?

dada_wa_Kirumba aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa simu za ofisi.

Niko kitengo cha ICT kwenye saccos moja, makao makuu Mwanza, tawi Geita. Tawini PBX ni Grandstream UCM6204, kuna laini tatu za shaba za 028, tranki moja ya SIP (njia ya simu za nje kupitia intaneti), na simu za mezani ishirini na kitu, nyingi GXP1625. Mashine haisumbui. Wanaosumbua ni watu. Leo mhudumu kahamia dirisha la mikopo anataka namba yake imfuate, kesho meneja anataka simu za baada ya saa kumi jioni ziende kwenye mkononi wake, sikukuu ikipita wanakumbuka ujumbe wa "tumefunga" bado unaongea. Kila moja ni kazi ya dakika tano kwenye kivinjari, lakini mimi napanda gari. Daraja la Kigongo–Busisi limetutoa kwenye foleni ya kivuko, nashukuru, ila siku bado inaliwa yote.

Mtandao wa Geita ni ruta ya 4G (192.168.1.1). UCM iko 192.168.1.10, ukurasa wake unafunguka kwa https poti 8089. Kuna ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7 ambayo nimeichomeka kwenye swichi kama kifaa kingine tu, imepata 192.168.1.2. Makao makuu tuna faiba yenye IP tuli na MikroTik nyingine.

Nilijaribu kuelekeza poti 8089 kwenye ruta ya 4G ifike kwa UCM. Ndani inakubali, nje hakuna kitu. Nimeona pia anwani ya WAN kwenye ruta inaanza na 10, lakini tovuti za kuangalia IP zinanionyesha nyingine kabisa.

Bosi ana mawazo mawili. La kwanza, tulipie IP ya umma Geita, fundi aliyefunga mfumo afungue 8089 na 5060 (poti ya simu za SIP), basi. La pili, niweke AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali) kwenye kompyuta ya mapokezi niwe naingilia hapo. Yote mawili roho yangu inakataa ila sina hoja za kumpa. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

---

mzeewakrone alijibu:

Marahaba dada, maana najua ulitaka kuamkia.

Tuanze na poti kutofika. Kosa si lako. WAN ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, maana yake kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Mlango uliofungua kwenye ruta yako ni wa ndani, mlango wa nje uko kwao na hawakufungulii. Kwa hiyo acha kuhangaika na ruta hiyo. Na kwa kweli mshukuru Mungu ilikataa.

Sasa hoja za kumpa bosi. Poti 5060 ikiwa wazi kwenye IP ya umma haimalizi siku bila kubishiwa hodi. Kuna programu zinazunguka dunia nzima usiku na mchana zikijaribu namba za ndani moja baada ya nyingine: 100, 101, 102, kisha neno la siri 100, 101, 1234. Ukiwa na logi utaona hata jina wanalojitambulisha nalo, "friendly-scanner". Rafiki gani huyo!

Mteja wangu mmoja wa hoteli aliniita Jumatatu asubuhi, tranki imegoma kupiga nje. Nikafungua orodha ya simu. Jumamosi saa saba na dakika kadhaa usiku, namba ya ndani 105, ambayo ni simu ya ukuta jikoni, imepiga kisiwa cha Karibi. Dakika nne, ikakata. Ikapiga tena palepale kabla mstari haujapoa, na safari hii simu mbili kwa pamoja, halafu tatu, mpaka salio la tranki likaisha Jumapili mchana. Jikoni kulikuwa kumefungwa. Neno la siri la 105 lilikuwa 105. Wezi hawa hawana haja ya kuongea na mtu yeyote. Wanamiliki au wanakodi namba za gharama kubwa nchi za mbali, na kila dakika inayoingia kule wanagawana malipo. Ndiyo maana wanapenda usiku wa wikiendi, hakuna anayeangalia.

Na msifikiri ni mambo ya intaneti tu. Enzi za Panasonic KX-TDA tulikuwa tunaingia kwa kadi ya modemu: unapiga namba ya ofisi, mashine inapokea, unaweka nywila, unaprogramu. Kulikuwa na huduma ya DISA pia, bosi akiwa nje anapiga ofisini, anaweka tarakimu nne, anapata mlio wa kupiga, anapiga popote kwa gharama ya kampuni. Aliyekisia hizo tarakimu nne alipiga popote vilevile. Kwa hiyo wazo la kwanza la bosi likatae kwa heshima zote.

AnyDesk ya mapokezi nayo ni njia ya watu wasio na MikroTik. Dada wa mapokezi akitoka jioni anazima kompyuta, na ni jioni ndipo wewe unataka kufanya mabadiliko. Akiwepo, unamnyang'anya panya mbele ya mteja. Na nywila ya msimamizi wa simu inabaki imehifadhiwa kwenye kivinjari cha kompyuta ambayo kila mtu anaitumia kuangalia Facebook.

Wewe tayari unacho kila kitu. Geita haipigiki kutoka nje, sawa, lakini Geita inaweza kupiga. Iache MikroTik ya Geita iipigie MikroTik ya Mwanza kwa WireGuard (VPN, yaani handaki la siri kati ya mitandao miwili), wewe uingie Mwanza na kupita humo humo. Mwanza unafungua poti moja tu, UDP 51820, na WireGuard haimjibu asiye na ufunguo. Anayechungulia haoni chochote.

Kwenye Geita:

/interface wireguard add name=wg-mwanza
/ip address add address=10.66.0.2/24 interface=wg-mwanza
/interface wireguard peers add interface=wg-mwanza public-key="ufunguo wa Mwanza" endpoint-address=(IP ya Mwanza) endpoint-port=51820 allowed-address=10.66.0.0/24 persistent-keepalive=25s

Hizo sekunde 25 usiziache. Bila hizo ruta za kampuni ya simu zinasahau mazungumzo yenu na Mwanza haitaifikia tena Geita mpaka Geita iseme kitu. Kuhusu bando usiogope, handaki likiwa limekaa tu haliifikii megabaiti moja kwa siku.

Mwanza unaipa 10.66.0.1, laptopu yako 10.66.0.10. Kazi hii ifanye ukiwa Geita, na unapogusa MikroTik washa Safe Mode, kwenye terminali ni Ctrl+X. Ukijifungia nje, inarudisha ilivyokuwa.

---

baharia_likoni alijibu:

Mzee amenena, mimi niongeze kutoka Mombasa kidogo.

Bosi akikuuliza "si tuna nywila ngumu?", mwambie nywila haisaidii tundu likiwa kwenye ukurasa wenyewe. Agosti 2025 walioacha ukurasa wa msimamizi wa FreePBX (programu nyingine ya PBX) wazi kwenye intaneti waliingiliwa bila nywila yoyote, kwa tundu lililopewa namba CVE-2025-57819. Waliokuwa wameuficha nyuma ya VPN walipata muda wa kusasisha taratibu. Yako si FreePBX lakini hoja haibadiliki.

Halafu dada, 192.168.1.0 ndiyo anwani ya ruta za nyumba nyingi mno. Ukiwa kwako laptopu itadhani UCM iko sebuleni. Fanya netmap kwenye MikroTik ya Geita: mtandao wa 10.47.0.0/24 uuelekeze 192.168.1.0/24, kisha UCM uiite 10.47.0.10. Mimi ndivyo nafanya kwa wateja wangu wote, migongano imekwisha.

---

dada_wa_Kirumba alijibu:

Asanteni sana wakuu. Shikamoo mzee, hiyo ndiyo rasmi sasa.

Nimefunga jinsi mlivyosema, nikiwa Geita. Handaki limesimama, 10.66.0.2 inajibu ping kutoka kwangu nyumbani. Lakini UCM haifunguki. Netmap bado sijaweka. Nikiandika 192.168.1.10 na 8089 inazunguka mpaka inachoka. Na nikiping 192.168.1.10 inajibu haraka sana, milisekunde mbili, wakati 10.66.0.2 inajibu kwa sitini na kitu. Kuna kitu hapo?

---

mzeewakrone alijibu:

Kipo. Milisekunde mbili haiwezi kuwa Geita kwa 4G. Hapo umeping kitu cha nyumbani kwako, televisheni au simu ya mtoto. Baharia alikuonya.

Ila netmap nampinga. Kwa kivinjari itafanya kazi vizuri tu, halafu siku utakayoweka programu ya simu kwenye laptopu ili ujaribu namba za ndani, itajisajili, italia, utapokea, na hutasikia neno. Sababu SIP inaandika anwani ndani ya ujumbe wake: UCM itakwambia "nitumie sauti 192.168.1.10", na laptopu itaituma kwenye televisheni yako. Netmap inabadilisha bahasha, barua ya ndani haiigusi.

Fanya hivi, ni rahisi zaidi. Kwenye WireGuard ya laptopu, sehemu ya AllowedIPs andika 10.66.0.0/24, 192.168.1.10/32. Hiyo /32 ni njia nyembamba kuliko /24 ya nyumbani, kwa hiyo inashinda. Anwani hiyo moja tu inaenda Geita, nyingine zote zinabaki kwako. Mwanza nako, mwenzi (peer) wa Geita umwongezee 192.168.1.10/32 kwenye allowed-address, na hapa ndipo wengi wanakwama: RouterOS haikuwekei njia yenyewe. Iandike kwa mkono (wg-geita ni jina la WireGuard upande wa Mwanza):

/ip route add dst-address=192.168.1.10/32 gateway=wg-geita

Baada ya hapo bado haitafunguka, usife moyo. UCM inaijua ruta ya 4G kama mlango wake wa kutokea. Ombi lako litaingia kupitia MikroTik, jibu litatokea kwa 192.168.1.1, ambayo haimjui 10.66 yeyote na italitupa. Ama ubadilishe mlango huo kwenye UCM, ama MikroTik ya Geita ikuvalishe anwani yake unapoingia:

/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=10.66.0.0/24 dst-address=192.168.1.10 action=masquerade

Mimi nachagua hii ya pili kwa sababu UCM huigusi kabisa, na kwake unaonekana kama mtu wa humo ndani. Kwa hiyo unaweza kwenda kwenye kila namba ya ndani ukaweka ikubali usajili wa mtandao wa ndani pekee, na wewe bado utajisajili.

Ukishaingia, kabla hujahamisha namba ya mtu yeyote, fanya mambo ya usalama. Badilisha maneno ya siri ya namba zote, UCM yenyewe inaweza kuyatunga. Simu za mezani zikihitaji kupata neno jipya, tumia Zero Config izisukumie mipangilio, usianze kumpigia kila mhudumu umsomee herufi. Njia ya simu za nje igawe: mikoani na mitandao ya simu za mkononi kwa wote, 000 na alama ya kujumlisha kwa meneja tu, tena kwa PIN. Na mwenye tranki mwombeni aweke ukomo wa matumizi kwa siku upande wake. Huo ndio ulinzi pekee ambao mwizi akiwa tayari ndani ya mashine yako hawezi kuugusa.

---

baharia_likoni alijibu:

Haya mzee, ya sauti nimeikubali, wateja wangu hawatumii programu ya simu kwenye laptopu ndiyo maana sikuwahi kukutana nayo. /32 nitaiiba.

Dada, MikroTik zote mbili zima pia kisaidizi cha SIP, /ip firewall service-port disable sip. Kinajifanya kusaidia, kinavuruga.

---

dada_wa_Kirumba alijibu:

IMEFUNGUKA! Nimekaa kwenye kochi Kirumba naiona Geita yote, simu 23, mbili nyekundu. Moja nilijua imeharibika, nyingine naambiwa imechomolewa ili wachaji simu... Nimehamisha namba ya dirisha la mikopo, nimejisajili kama namba ya majaribio nikampigia, kapokea, tumesikilizana vizuri.

Jana umeme ulikatika Geita. Uliporudi, simu zilirudi, intaneti ilirudi, lakini handaki lilikaa muda mrefu bila kusimama, kisha likasimama lenyewe. Ni 4G au?

Na la pili, laini ya 2 ya shaba inaonekana inatumika muda mwingi, wakati hakuna anayeongea. Nikiikata kwenye ukurasa inakuwa huru, baada ya saa chache imeshikwa tena.

---

mzeewakrone alijibu:

La umeme kwanza. Angalia saa ya MikroTik. Ruta hizo ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika inaamka ikiwa nyuma ya wakati. WireGuard kila inapobisha hodi inaweka muda kwenye salamu, na Mwanza inakataa salamu yenye muda wa zamani kuliko ya mwisho iliyoipokea, ili mtu asirudie salamu aliyoirekodi. Kwa hiyo Geita ilikuwa inabisha, Mwanza inaona ni ya zamani, inanyamaza, mpaka saa iliporekebishwa. Washa NTP client (inayosawazisha saa kupitia intaneti) kwenye MikroTik ya Geita na uhakikishe seva za saa inazipata kupitia 4G, si kupitia handaki, maana hapo vitangojeana milele. Na hiyo MikroTik, ruta ya 4G na swichi ziingie kwenye UPS ileile ya UCM. Nimeona ofisi nyingi PBX iko kwenye UPS ya maana na ruta iko kwenye ekstensheni ya ukutani na birika la chai.

Laini ya 2 ni ugonjwa wa siku zote wa laini za shaba. Mteja akikata simu, mtambo wa upande wa kampuni unaijulisha UCM kwa njia moja kati ya kadhaa: unakata mkondo kwa muda mfupi, au unageuza pande za umeme, au unatoa mlio wa kukata tu. Kama UCM inasubiri ishara ambayo laini yako haitoi, itabaki imeshika mstari inasikiliza mlio mpaka kesho. Kwa nini laini ya 1 na ya 3 ziko sawa? Inawezekana hazijakutana na simu iliyokatwa na mteja kwanza, au ya 2 iko kwenye kadi tofauti kule mtamboni.

UCM ina kipimo chake cha PSTN (laini za shaba) kwenye mipangilio ya tranki za analogi. Kiendeshe baada ya kazi, kwa laini ya 2 na nyingine iliyo huru, moja inaipigia nyingine na UCM inajifunza mlio. Kikishindwa, nenda kwenye uchunguzi wa ishara, washa kurekodi laini hiyo, mwambie mtu wa Geita apige kutoka mkononi mwake, apokelewe, kisha yeye aliyepiga akate. Zima kurekodi, pakua faili. Lilete hapa tulisikilize, sekunde za mwisho ndizo ninazozitaka. Ila asiongee habari za mteja yeyote humo, na usilete faili la simu halisi ya ofisi.